Barua kwa mwanangu: matofali ya baba yako na jiwe la mlangoni

Karatu, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku hatujambo. Mdogo wako amevunja kile kikombe changu cha maua, akafukia vipande nyuma ya banda la kuku, anadhani sijui.

Juzi salio lilikata katikati ya swali lako na sikutaka kumsumbua matroni mara ya pili, kwa hiyo nakujibu kwa kalamu. Uliuliza kama ni kweli ncha za sumaku za dunia zinakaribia kugeuka, dira zote zielekee kusini, na kama ni kweli tutateketea, maana rafiki yako kaona video. Kuteketea, hapana. Kugeuka, ndiyo, kumetokea mara nyingi sana, na ushahidi wake mmoja uko hapa jirani, Bonde la Oldupai.

Lakini nianzie kwenye tanuri la baba yako. Unakumbuka zile siku za kuchoma matofali, wewe umelala kwenye mkeka, yeye anasukuma magogo usiku kucha? Udongo wetu huu mwekundu una chembe ndogo za madini ya chuma. Mojawapo ya madini hayo huitwa magnetaiti, na likifika nyuzi joto 580 usumaku wake wote hupotea. Kisha moto unazimwa, tanuri linaachwa lipoe taratibu. Katika kupoa, chembe zile zinashika usumaku upya, na zinaushika kwa kufuata uga wa sumaku wa dunia, yaani ile nguvu inayovuta sindano ya dira, kama ulivyo siku hiyo. Tofali likishapoa limeshaandikwa. Kaskazini ya siku ile imo ndani yake.

Halafu baba yako akayabeba kwenye toroli akajengea chumba chako. Ukuta unaoegemea ukija likizo umejaa kaskazini moja, ila kila tofali limeielekeza kwake: hili linaonyesha mlangoni, lile darini. Mtu hawezi tena kujua tofali gani lililala vipi ndani ya tanuri.

Lava inayotoka volkano hufanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba hakuna wa kuibeba kwa toroli. Inapoa palepale, na inabaki palepale.

Aliyelishtukia jambo hili kubwa ni Mfaransa, Bernard Brunhes. Mwaka 1906 aliandika kuhusu udongo wa kijiji cha Pontfarin uliounguzwa na lava iliyopita juu yake. Yaani tofali, ila limechomwa na volkano. Alipoupima, usumaku wake ulielekea kinyume na wa leo, na lava yenyewe ilikuwa hivyohivyo. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama akapanga miamba kwa umri wake, akaona ile ya karibuni inaelekea kama dira ya leo, na ya zamani zaidi mingi imegeuka. Leo kipindi chetu hiki, ambacho dira inaelekea kaskazini, kinaitwa Brunhes, na kilichokitangulia, ambacho zaidi ilielekea kusini, kinaitwa Matuyama. Mpaka kati yao una umri wa miaka kama 780,000.

Sasa Oldupai. Chini kabisa ya bonde lile, chini ya tabaka lililotoa fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, kuna lava nyeusi. Mwaka 1963 watafiti Grommé na Hay walichapisha vipimo vya usumaku wake: inaelekea kama leo, wakati umri wake unaiweka katikati ya kipindi kilichogeuka. Kumbe ndani ya Matuyama dira ilirudi kaskazini kwa muda, tangu miaka kama milioni 1.95 hadi milioni 1.78 iliyopita, kisha ikageuka tena. Kipindi hicho kinaitwa Olduvai dunia nzima. Watu wanaochimba tope la sakafu ya bahari huko mbali wanalitaja bonde letu kila siku, tena kwa jina lililokosewa! Oldupai ni ule mkonge pori kwa Kimaasai. Mjerumani alisikia vibaya mwaka 1911, kosa likabaki.

Nilipokuwa chuoni nilionyeshwa sampuli zinavyochukuliwa. Unatoboa mwamba kwa mashine ndogo inayomwagiwa maji, unapata kipande cha mviringo kinene kama kidole gumba. Kabla hujakivunja unakitia alama, kilielekea wapi na kililala vipi. Bila alama kinakuwa kama tofali la chumbani kwako. Tena dira pekee haitoshi, maana jiwe lenyewe linaidanganya, kwa hiyo wanasoma kivuli cha jua. Na mahali palipopigwa radi wanapakimbia, kwa sababu radi huandika usumaku wake juu ya ule wa kale.

Mwambie rafiki yako hivi. Uga huu unatokana na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka kilomita kama 2,900 chini yetu, nacho hakitulii. Ni kweli umepungua nguvu kwa karibu asilimia 10 tangu vipimo vya miaka ya 1830. Lakini kugeuka huchukua maelfu ya miaka. Na pale Oldupai, juu ya tabaka ambapo dira iligeuka tena, zana za mawe zinaendelea kupatikana. Waliozichonga hawakujua kama kuna lililotokea.

Unalikumbuka lile jiwe jeusi linalozuia mlango wa jiko? Jana nimeazima dira ya shule, nikamwambia mdogo wako alisogeze polepole. Sindano ikatikisika, ikaelekea upande mwingine kabisa. Amelizungusha mpaka chakula kimepoa. Halitakuonyesha kaskazini ya kale, kwa sababu hatujui lililala vipi kabla halijaokotwa, ila kwa sindano linatosha. Nimelifunga kwenye gazeti, nitakuja nalo siku ya wazazi pamoja na karanga na ile sweta. Baba yako anauliza mlango utazuiwa na nini.

Mama yako