Barua ya wazi kwa Meya wa Pokhara, Nepal: huo si ukungu, ni moshi

Mheshimiwa Meya,

Namaste, na kwa desturi ya kwetu, shikamoo.

Mimi ni mwongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro, mzaliwa wa Moshi. Mji wangu na kitu ninachokuandikia vina jina moja, kwa hiyo nikisema moshi naujua, usidhani natania. Kila mwaka mvua za masika zikitufungia kazi kwetu, huleta kikundi kidogo cha Watanzania na Wakenya huko kwenu, tukapanda hadi kambi ya chini ya mlima Annapurna, mita 4,130. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Hii ndiyo lugha ninayoweza kumlalamikia mkubwa bila kukosa adabu, na wale wanaopanga kusafiri nami wataisoma kabla hawajalipa.

Mara ya kwanza nilifika Pokhara mwezi wa Oktoba, mvua zenu kubwa za mwaka zikiwa ndiyo kwanza zimekatika. Mji wenu uko chini, kama mita 800 tu, wala kwa mwinuko haupishani sana na Moshi. Lakini asubuhi ile niliinua macho kando ya ziwa la Phewa nikaukuta mlima Machhapuchhre, mita 6,993, umesimama mbele yangu kama mtu aliyekuja kudai deni lake. Sijawahi kuuona mlima ukiwa karibu hivyo na vikombe vya chai. Nikarudi nyumbani nikiwasifia ninyi kuliko nilivyowahi kuusifia mlima wetu, jambo ambalo wagumu wenzangu, yaani watu wa kazi ya mlimani, hawajanisamehe.

Kisha nikaja Aprili.

Siku tatu hatukuuona mlima, hata kilima cha Sarangkot kilikuwa kivuli. Jua lilichomoza jekundu kama kiini cha yai la kienyeji na unaweza kulitazama bila kufumba jicho. Nikamuuliza mama ninayepanga chumba kwake, ambaye namwita didi, dada mkubwa, naye huniita bhai, mdogo wake wa kiume. Akajibu huku anaanua nguo darini: "Tuwanlo, bhai." Yaani utusitusi, ukungu mkavu wa majira yale. Alikuwa ameshika shuka jeupe. Juu ya shuka palikuwa na kitu chembamba cheusi, kirefu kama njiti ya kiberiti. Nilipokigusa kikavunjika, kikaacha mstari wa masizi kwenye kitambaa. Ilikuwa sindano ya msonobari iliyoungua mlimani, ikapeperushwa hadi kwenye kamba yake ya nguo. Didi akaukung'uta mstari, haukutoka, akarudisha shuka kwenye beseni. Ndani, mama mkwe wake alikuwa anakohoa tangu alfajiri.

Mheshimiwa, ukungu hauachi masizi.

Najua hali ya hewa ina sehemu yake. Majira ya baridi huko kwenu hupita kwa mvua chache, na mwaka ambao hiyo kidogo nayo isiponyesha, ifikapo Machi misitu ni kama petroli. Sindano za misonobari zina utomvu, zinaanguka kwa wingi na kulala chini kama godoro. Mtu anachoma ili nyasi mpya za mifugo ziote, au anatupa kipisi cha sigara, basi. Moshi ukishatoka hauna pa kwenda: bonde lenu ni bakuli, na usiku hewa ya baridi hukaa chini huku hewa ya joto ikilala juu yake kama mfuniko wa sufuria. Ongeza taka zinazochomwa mitaani na vumbi la barabara, na moshi mwingine unaopandishwa na upepo kutoka nyanda za kusini, za kwenu na za India. Mpaka ije radi ya alasiri na mvua yake ya mawe. Siku ya pili mlima uko pale pale, umenawa uso, na kila mtu anasahau.

Mwisho wa Machi 2021 haikusahaulika. Moto ulikuwa umetapakaa misituni na serikali yenu ikafunga shule siku nne nchi nzima kwa ajili ya hewa. Miaka mitatu baadaye, Machi hiyo hiyo, Pokhara ikatangazwa rasmi mji mkuu wa utalii wa Nepal. Nawapongeza kwa dhati, ila aliyechagua mwezi nina swali naye.

Sijaja kuwafundisha. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua. Moto ulianzia eneo la Whona, na TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa, walieleza kwamba huenda ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Wapagazi, watu wa kazi yangu! Mamia ya watu walipanda kuuzima kwa majembe na matawi ya miti. Jambo moja lilitusaidia: hakuna aliyeuita ukungu. Tuliona aibu, na kwa sababu ya aibu ile leo mtu akiwasha jiko pasipostahili, wenzake ndio wanaomkemea kabla ya askari.

Neno tuwanlo linawanyima aibu hiyo. Kitu kikishaitwa majira, hakina mwenyewe.

Ombi langu si kubwa. Kila asubuhi, kuanzia Februari hadi mvua zianze, kipimo cha hewa kisomwe redioni kwa Kinepali na kiandikwe ubaoni Lakeside, mtaa wenu wa watalii kando ya ziwa, kwa tarakimu zinazoonekana na dereva wa teksi. Shirika la Afya Duniani linasema chembechembe zile ndogo zinazofika ndani ya mapafu, PM2.5, zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku. Kiwango cha Nepal ni 40. Didi hana haja ya kujua mikrogramu ni nini. Anahitaji kujua kama leo bibi abaki ndani na madirisha yafungwe, au nguo zianikwe.

La pili ni la pesa. Vikundi vyenu vya misitu ya jamii vinasifiwa duniani kote, navyo ndivyo vilivyo karibu na lile godoro la sindano. Wakilipwa kuzizoa mwezi wa Januari na Februari, ziwe makaa ya kupikia, itakuwa nafuu kuliko kumsubiri mtu na tawi la mti mwezi wa Aprili. Sisi wageni tutozwe kitu kidogo kwa ajili hiyo. Mimi nitalipa, na wageni wangu nitawalazimisha.

Na vijitabu vinavyosema Machi na Aprili ni msimu wa kuona theluji viandikwe upya. Ndiyo, maua ya mirododendro yanachanua, ni mazuri mno. Mlima ni bahati nasibu.

Machi ijayo nakuja na watu saba, watano wa Arusha na wawili wa Nairobi. Mmoja ni mwalimu mwenye pumu. Ameniuliza abebe dawa ya siku ngapi, nami nimemjibu abebe ya safari nzima na akiba juu.

Wako,
Mwongoza watalii, Moshi