Barua kwa mwanangu Zuhura, kabla hujaenda Palermo

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku wazima. Mamako magoti yanamsumbua kidogo lakini mdomo haumsumbui hata chembe, kwa hivyo usiwe na wasiwasi.

Ile ratiba yako ya Palermo nimeisoma, kisha nikaisoma tena nikiwa na kalamu mkononi. Siku nne, mama, na umeorodhesha makanisa, majumba, makumbusho, halafu katikati ukachomeka mlima Etna ambao uko upande wa pili wa kisiwa hicho cha Sicily, Italia! Wewe mwaka mzima umekesha wodini huko Munich, na Salim naye karakana haimpi nafasi hata ya kunyoa. Hiyo si likizo uliyoandika, ni zamu nyingine. Futa Etna. Futa Taormina. Nendeni mkale. Mnayotaka kuyaona mtakutana nayo mkiwa njiani kwenda kula.

Unajua mji ule mimi naujua kwa tumbo. Meli yetu ilipoingizwa kwenye gati la matengenezo pale bandarini, jiko lilizimwa, na mpishi asiye na jiko hana kazi ila kuzunguka akionja vya wenzake. Nilipostaafu nikampeleka mamako, nikakuta mengi yako pale pale.

Kwanza tafuteni chumba katika mji wa kale, mtaa wa Albergheria au Kalsa. Hapo kila kitu ni cha miguu. Asubuhi ya kwanza mwende soko la Ballarò na matumbo matupu. Najua hoteli itawapa kifungua kinywa, mkiache. Ballarò ni vichochoro vilivyofunikwa turubai, wachuuzi wananadi kwa sauti ya kuvuta kama wanaimba, na kwenye meza za samaki utakuta kichwa cha nduwaro kimesimamishwa juu ya barafu, upanga umeelekezwa angani, ili mteja aone samaki ni wa leo. Hapo katikati ya biringani na zeituni ndipo watu wanapokaanga panelle.

Panelle ni unga wa dengu. Unakorogwa kwanza na maji baridi usifanye madonge, unatiwa chumvi, unawekwa motoni na kusongwa kama ugali, mwiko haupumziki, mpaka uanze kuachana na sufuria. Hapo hutiwa majani fulani ya jamii ya dania yaliyokatwakatwa, kisha unapakwa haraka kwenye ubao au sahani ungali moto, uwe mwembamba sana. Ukipoa unakatwa vipande na kutumbukizwa kwenye mafuta. Vinatoka vimefura kidogo, nje vikavu, ndani laini. Wanavipanga ndani ya mkate wa mviringo wenye simsim juu na kukamulia limau. Hakuna pilipili, hakuna chatini, na nakuomba usiende na kichupa chako cha pilipili mkobani. Nilipoonja mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana unga ule ule sisi tunaufanya vazi la viazi karai, hatuupi hadhi ya kuwa chakula chenyewe.

Kando ya panelle kuna crocchè, viazi vilivyopondwa vikatiwa nanaa na kukaangwa vya mviringo mrefu. Katlesi ya mamako inaishinda, lakini hiyo nanaa uishike kichwani, nimeiba mimi na sijutii.

Sasa suala la halali, maana Salim ataniuliza. Sicily si mahali pa kujilia tu ovyo. Kuna mkate maarufu wa bandama na mapafu ya ndama. Huchemshwa, halafu hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Pitieni mbali, harufu itawaita lakini pitieni. Arancine, yale madonge ya wali wa zafarani yaliyokaangwa, ya siagi kwa kawaida yana nyama ya nguruwe ndani, na ya nyama ya kusaga mara nyingi huchanganywa. Ulizeni ya mchicha. Na msiseme arancino! Hiyo ni ya mji wa Catania, ina umbo la pia iliyochongoka. Palermo ni arancina, ya mviringo, na ugomvi wao juu ya jambo hili ni wa kweli kabisa. Jifunzeni maneno haya: senza maiale, senza strutto, yaani bila nguruwe na bila mafuta yake. Msione haya kuuliza. Mkishindwa kupata jibu, samaki na mboga za pale zinatosha kumlisha mtu mwezi mzima asirudie chakula.

Mwarabu alikaa pale, ndiyo maana. Mji ulichukuliwa mwaka 831 na Wanormani, watu wa kutoka Ufaransa, wakauteka 1072, na kati ya hapo watu walilima malimau, miwa na biringani kwa mifereji ya maji. Msafiri Ibn Hawqal alipita karne ya 10 akahesabu misikiti akapata mamia, lakini hakufurahishwa na wenyeji. Aliandika kwamba wanakula vitunguu vibichi kupita kiasi, asubuhi na jioni, hadi vimewaharibu akili. Kila ninapokula sfincione namkumbuka mzee yule. Ni mkate mnene ulio laini kama sponji, juu una nyanya, samaki wadogo wa chumvi, chenga za mkate, na vitunguu, vitunguu kweli kweli. Huuzwa kwenye vigari vya Piaggio vya magurudumu matatu, ndugu wa tuktuk zetu, vyenye kipaza sauti kinachorudia tangazo lile lile mtaa hadi mtaa. Chagueni kipande cha katikati ya sinia.

Mchana mlale. Sitanii. Baada ya chakula cha mchana maduka mengi yamefungwa, jua la Juni linachoma, na migahawa mizuri haipiki. Jikoni hufunguliwa tena saa mbili za usiku, na ukitokea saa kumi na mbili unadai chakula cha jioni watakuona mgonjwa. Kahawa vilevile ina adabu yake. Inanyweka kwa kusimama kaunta, kikombe kidogo, funda mbili tatu, umeondoka. Ukikaa mezani bei inapanda. Na kwenye bili ya mgahawa mtakuta kiasi kidogo kiitwacho coperto, cha mkate na meza. Si wizi, usimfokee mtu.

Chakula cha usiku wa kwanza mle pasta con le sarde. Nasema usiku wa kwanza kwa sababu mkiionja mtataka kuirudia. Dagaa wakubwa wabichi, shamari ya mwituni iliyochemshwa, zabibu kavu, mbegu za msonobari, zafarani, na juu badala ya jibini hunyunyizwa chenga za mkate zilizokaangwa mpaka zikawa kahawia. Maji yaliyochemshia ile shamari ndiyo yanayopikia tambi, na hapo ndipo siri yote ilipo. Mkahawa unaotia jibini juu ya chakula hiki, lipeni mtoke. Zabibu ndani ya chakula cha chumvi hazitakushangaza wewe uliyelelewa kwa biriani, lakini wenzako wa Munich wataona maajabu.

Na caponata. Biringani hukaangwa peke yake, seleri peke yake, kisha vyote huunganishwa na nyanya, zeituni, kepa (vile vitumba vya maua vinavyohifadhiwa kwa chumvi au siki), siki na sukari, na kuachwa vipoe. Huliwa baridi. Ikiletwa moto ujue imepikwa kwa ajili ya watalii. Mimi ningeila siku iliyofuata baada ya kupikwa, siki ikiwa imetulia.

Kuna mtu mmoja nataka umjue kabla hujaenda, kwa sababu alikuwa wa kazi yangu. Anaitwa Benedetto. Wazazi wake walikuwa watumwa waliotoka Afrika, naye alizaliwa San Fratello, kijiji cha Sicily, katika karne ya 16. Alikuwa mpishi wa watawa wa Santa Maria di Gesù, nje kidogo ya Palermo. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini wenzake wakamchagua awe mkuu wa nyumba yao, na muda wake ulipokwisha akarudi jikoni. Alifariki 1589. Mwaka 1807 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu, na Palermo inamhesabu miongoni mwa walinzi wa mji. Kanisa alimowekwa liliungua katika moto mkubwa wa Julai 2023, kwa hivyo sikutumi huko. Sisi si wa dini yake, lakini mpishi ni mpishi, na nimeona wakubwa wengi waliotoka jikoni, sijaona wengi wanaorudi. Leo Ballarò imejaa Wabangladeshi, Waghana na Wanaijeria, wanauza ndizi za kupika na mchele kando ya Wasicily wenyewe. Utasikia lugha nyingi pale, na mtu akikuita dada usishtuke.

Mambo ya kuona nakuachia mawili, yasije yakasemwa babako amekuzuia kupata elimu. La kwanza ni Cappella Palatina, ndani ya Palazzo dei Normanni. Nendeni mapema kabla ya makundi. Ni kanisa la mfalme Ruggero wa pili, aliyevishwa taji mwaka 1130, lakini inueni macho: dari ni la mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiislamu, limechorwa wapiga udi, ngamia, na watu wameketi wakinywa. Mfalme huyo ndiye aliyemweka barazani kwake al-Idrisi, bwana wa jiografia, na kitabu chake kilichokamilika 1154 kinataja Malindi na Mombasa. Hakuwahi kufika kwetu. Aliwauliza wasafiri. Lakini fikiria, Zuhura, pale Palermo karibu miaka mia tisa iliyopita kulikuwa na mtu ameinama mezani anaandika jina la mji wako. Na huenda alikuwa na njaa, maana kazi ya kuandika huchelewesha chakula.

La pili liko njiani tu: kanisa kuu la mji, baraza la upande wa kusini, nguzo moja ina aya ya Qur'ani iliyochongwa, ya Surat al-A'raf. Dakika tano zinatosha. Halafu mkatafute granita.

Granita si aiskrimu na si juisi ya barafu. Ni ya kuchota kwa kijiko, punje zake ndogo sana, na huliwa asubuhi na brioche, mkate laini wenye kichwa kidogo juu. Kichwa hicho ndicho cha kwanza kung'olewa na kuchovywa. Juni ni wakati wa forosadi nyeusi, lakini mimi ni mtu wa lozi. Mkibahatika kukuta gelo di mellone, msiulize bei. Ni maji ya tikiti maji yaliyokorogwa na wanga motoni mpaka yakashikana, yametiwa harufu ya asmini na vipande vya chokoleti vinavyojifanya mbegu. Mamako alikula akanyamaza, na wewe unajua hilo hutokea mara ngapi. Cannoli nazo tahadhari, ganda lake kwa desturi lina mafuta ya nguruwe na mvinyo, kwa hivyo lile jibini tamu la ndani litafuteni katika vitu vingine.

Mkichoka na mji, siku moja tu, pandeni basi la Trapani. Ni kama saa mbili hivi upande wa magharibi. Huko wanapika kuskusi kwa samaki, kwa sababu Tunisia iko ng'ambo tu na wavuvi wamekuwa wakienda na kurudi tangu zamani. Wanawake huviringisha chembe za ngano kwa ncha za vidole kwenye bakuli pana la udongo, wakinyunyiza maji kidogo kidogo, kisha huzipika kwa mvuke. Zikiiva hunyweshwa mchuzi wa samaki wa aina mbalimbali, bakuli likafunikwa kwa blanketi la sufi na kuachwa lipumzike kama saa nzima. Hilo blanketi ndilo linalonifurahisha. Chakula kimelazwa, na nyie mliokuja kukila mnangoja sebuleni. Agizeni mapema, mahali pazuri hakipikwi kwa pupa, na kama mpishi atakwambia kimekwisha, mwamini.

Mkirudi msiniletee zile sumaku za kubandika kwenye friji, friji yetu imechoka. Nileteeni kepa za kisiwa cha Pantelleria zilizohifadhiwa kwa chumvi kavu, si za siki, za siki hazifai. Mamako anasema atazitia kwenye samaki wa kupaka. Nimemkataza, nazi na kepa haviendani, lakini unamjua, kwa hivyo leta mifuko miwili.

Msalimie Salim, mwambie avae viatu vya kutembelea.

Babako