Barua kwa mwanangu: Babu yako tumemzika

Bahi, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo, ila uchovu wa msiba bado uko mwilini. Najua ulilia kwenye simu kwa kukosa mazishi. Usijilaumu, safari ya kutoka huko uliko ni siku mbili na maiti haikuweza kusubiri. Nimeshika kalamu kwa sababu makaburini yalisemwa mengi mazuri juu ya babu yako, na yote ni kweli, lakini ukibaki na hayo peke yake utakuwa umeachiwa nusu ya babu.

Alizaliwa Mugango, mkoani Mara, kando ya Ziwa Victoria. Wamishenari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, kazi yao ikaenea hadi Mugango, na yeye alikua akiwaona. Alipenda kutusimulia walivyopata wahubiri huko kwao Pennsylvania. Mhubiri alikuwa mkulima kama wenzake, hana mshahara. Wanaume waliopendekezwa walikalishwa mbele ya meza iliyopangwa vitabu, kila mtu chake, na ndani ya kimoja kumefichwa kikaratasi. Atakayekiokota ndiye mhubiri hadi kufa, na wapo waliofungua wakabubujikwa na machozi. Babu yako hakupigiwa kura, aliwekewa mikono na wazee. Lakini alisema tangu siku ile alilala na kuamka kama mtu aliyekuta karatasi kitabuni.

Tulikuja Ugogo mwaka 1971. Alikuwa fundi mwashi, na Operesheni Dodoma ilikuwa inakusanya watu vijijini, kwa hiyo shule na zahanati zilihitaji mafundi. Nilikuwa na miaka saba. Tulipanda treni Mwanza, tukapita Tabora, tukashuka hapa Bahi usiku. Asubuhi nilimwuliza mama ziwa liko wapi. Mama alijifunika kanga usoni, hakunijibu.

Kazi za ujenzi zilipokwisha, wengine walirudi Mara. Yeye alibaki, akalima uwele na mtama kwa jembe la mkono, na Jumapili akakusanya watu chini ya mbuyu: familia chache za kutoka Mara, kisha Wagogo mmoja mmoja. Waanglikana walikuwa wamehubiri katika nchi hii tangu Mpwapwa, 1876, na hakutaka kugombania kondoo wa mtu. Alijifunza Kigogo kwa wachungaji wa ng'ombe. Mpaka anazeeka, watoto wa njiani walikuwa wakimwahi kwa "Mbukwenyi!" kabla hajafungua mdomo. Mwaka ambao bwawa la Bahi linajaa, alikuwa anatoweka siku nzima akivua kambare, na jioni anarudi akiimba. Nadhani ndizo siku alizokuwa mtu wa ziwa tena.

Imani yake unaijua: Mmennonite haapi, wala hashiki silaha. Mahakama ya mwanzo ilipomwita shahidi hakukubali kuapa. Alisema ndiyo yake ni ndiyo, na hakimu akamruhusu athibitishe bila kiapo. Mjomba wako alipokwenda vita vya Kagera mwaka 1978, babu hakumbariki, wala hakumfukuza. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kumwombea, na mwanawe aliporudi alimwosha miguu mlangoni, hajaingia hata ndani. Hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Jioni tukiwa tembeni alituhadithia habari za Dirk Willems wa Uholanzi. Alifungwa kwa kubatizwa tena akiwa mtu mzima, akatoroka gerezani, mlinzi akamfukuza. Wakavuka maji yaliyoganda. Tulimkatiza hapo kila mara, maana maji ya kukanyagwa hatukuyaelewa, sisi tuliokuwa tunachota kisima cha mchangani. Dirk akavuka salama, ganda likavunjika chini ya mlinzi, akazama. Dirk akarudi, akamvuta. Akakamatwa papo hapo, na mwaka 1569 akachomwa moto. Babu alikuwa akimaliza anakaa kimya, anatutazama mmoja mmoja.

Mwaka 1974 mvua zilikataa. Nchi nzima ilipata njaa, na serikali ilileta mahindi ya njano kutoka nje. Wazee wa hapa walianza kuitaja Mtunya, njaa ya mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia na baada yake, walivyoisikia kwa wazazi wao. Sisi tulikuwa na kihenge kimoja cha uwele. Babu yako aliupima kwa debe, usiku, kwa taa ya kibatari. Kesho yake akaanza kuutoa. Nusu debe kwa mjane, nusu kwa mwenye watoto sita, nusu kwa mtu ambaye, nilijua hata mimi mtoto, alikuwa ametuibia. Tulikula mara moja kwa siku, uji mwepesi na mlenda bila chumvi. Mdogo wangu alivimba miguu. Usiku nilimsikia mama akilia kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kumwamsha mumewe, na mumewe yuko macho.

Hakuna aliyekufa nyumbani kwetu. Lakini moyoni nilimwekea babu yako kinyongo kwa miaka hamsini, mwanangu. Nilimheshimu, nilimpikia, niliitikia amina zake. Kila alipotajwa kuwa mtu wa kutoa, niliwaza: alitoa chakula cha mama.

Mwezi uliopita moyo wake ulichoka, miguu ikajaa maji. Jioni moja nilileta beseni na maji ya vuguvugu nimwoshe. Unajua kanisani kwetu, baada ya Meza ya Bwana, wanaume huoshana miguu wenyewe na wanawake wenyewe. Sikuwahi kuigusa miguu ya baba yangu. Ilikuwa mizito, ngozi inang'aa. Nikamwuliza bila kujiandaa: "Baba, mwaka ule wa njaa ulijua kwamba tunashinda njaa?"

Akasema, "Nilijua. Nilihesabu kila usiku."

Nikaendelea kuosha. Baadaye akasema, "Kutoa sijutii. Ila sikumwuliza mama yako. Kile kihenge alikilima yeye zaidi yangu. Nilihubiri tutembee nuruni, na hilo nikalificha gizani mpaka amekufa. Nisamehe wewe kwa niaba yake."

Nilimwambia nimemsamehe kwa upande wangu. Wa mama sina mamlaka nao, nikamwambia hivyo, na akaitikia kwa kichwa. Akaniambia niweke mguu kitandani. Alichovya mkono kwenye beseni akaupangusa mguu mmoja, taratibu, hadi kwenye kisigino kilichopasuka. Wa pili hakuufikia, usingizi ulimchukua. Alfajiri ya siku ya tatu akafariki, na mimi nimekaa hapo hapo.

Ardhi ilikuwa ngumu, vijana wamechimba kwa sululu tangu asubuhi hadi saa nane. Kwaya ya Waanglikana ilikuja na zeze. Amelala kando ya mama, chini ya mgunga.

Ukipata ruhusa kazini, njoo kabla ya mvua za Desemba. Paa la tembe upande wa mashariki limeliwa na mchwa, linataka miti mipya na udongo, na mimi siwezi kupanda. Uwele wa mbegu nimeuweka juu ya moto, kwenye moshi, kama mama alivyokuwa akiweka.

Mama yako