Salamu za Idi kutoka Wete, sikukuu ya kwanza bila baba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mlioko Pemba, Unguja, Bara na ughaibuni, Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu na visimamo vyetu, na aturejeshee Ramadhani nyengine tukiwa wazima wa afya na imani. Waliofungua kwa mwezi wa jana na waliongoja wa leo, nyote nawapa mkono. Minal aidina wal faizina.

Sikukuu imetukuta na mzigo. Mchele wa mapembe ndio umekuwa mchele wa pilau, na mwenye bucha anaitaja bei huku ametazama pembeni. Juzi sokoni nilimuona mama akimpimia mwanawe kanzu. Ilimkaa vizuri. Akauliza bei, akamvua taratibu, akaikunja kama alivyoikuta na kuirejesha. Mtoto hakulia, akamshika mama yake mkono wakaondoka. Zakatul fitri tumetoa, alhamdulillahi, lakini mwaka huu wapo waliotoa pishi asubuhi na kupokea pishi jioni.

Nyumbani kwetu baba hayupo. Alituacha mwezi wa Rajabu. Mliokuja maziko, mliosoma hitima, mliopika na mliopiga simu, nawashukuru nyote, na sikuweza kumfikia kila mmoja.

Ukumbini imebaki redio yake. Imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea zamani, na betri zikichoka alizianika juu ya bati la banda la kuku. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa redio. Vyama vya ukombozi vilirusha matangazo yao kutoka Dar es Salaam, naye aliwataja kina Mondlane wa Msumbiji na Nujoma wa Namibia utadhani ni watu wa hapa Gando. Alitusomesha kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliwekwa kwetu mwaka 1963, na kwamba Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya watu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, tukakosa mkopo tuliouhitaji sana. Makaburu wakiulizwa habari ya ubaguzi walijibu kuwa hayo ni mambo yao ya ndani. Nchi yetu ililikataa jibu hilo. Mtoto akipigwa risasi Soweto, tulisema linatuhusu. Baba alijivunia hilo kuliko bendera.

Kisha ikaja Januari 2001. Mimi nilikuwa skuli, darasa la tano. Watu wakaandamana tarehe 27 kudai uchaguzi mpya, wakapigwa risasi hapa hapa Pemba na Unguja. Wengine kiasi cha elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, na Tanzania iliyokuwa ikipokea wakimbizi wa majirani ikatoa wakimbizi wake. Ami yangu alikuwa mmoja wao, alivuka usiku na mashua ya kuvulia. Aliporudi alikuja na blanketi la kijivu la wakimbizi. Mama alilifua mara tatu, akalitia kabatini, na hadi leo halijatandikwa.

Mwaka 2002 ikaundwa tume ya uchunguzi, na mwenyekiti wake akawa Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Nilimuuliza baba, "Huyu si yule wa ukombozi?" Akasema, "Ndiye." Mzee aliyeiongoza Kamati ya Ukombozi kwa zaidi ya miaka ishirini sasa anahesabu maiti wa Pemba. Tume yake ilitaja watu 31 waliokufa.

Na mwaka 2025 mnaujua. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, intaneti ilizimwa, watu wakauawa, na simu za wajukuu zikawa hazina kazi. Redio ile kongwe ndiyo iliyobaki na habari, wakakaa kuizunguka. Baba alikuwa keshalala kitandani, nikamsogezea. Waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika iliyotokana na Nchi za Mstari wa Mbele wa ukombozi ambazo Mwalimu mwenyewe aliziongoza, walisema waliyoyaona hayaridhishi. Na jibu la kwetu likawa lile lile, kwamba wageni wasituingilie mambo ya ndani. Baba akaniambia, "Zima." Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akitaka redio izimwe kabla taarifa ya habari haijaisha.

Sijamaliza kulilia hilo, nisameheni.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, tumeipa kiwanja, lakini mwaka 2019 tukaondoa ruhusa ya mwananchi wetu kwenda kushtaki pale moja kwa moja. Mwaka 1978 tuliitambua Jamhuri ya Sahara, ya Wasahrawi wanaoidai nchi yao kutoka Morocco. Mwaka 2016 akaja Mfalme wa Morocco, na leo Kinondoni pana msikiti wenye jina lake. Nimeswali humo, ni mzuri, na Mungu amlipe kila aliyeujenga. Lakini Wasahrawi walioko makambini Tindouf, Algeria, tangu miaka ya 1970, mara ya mwisho mmelisikia lini jina lao kwenye hotuba? Mwaka 1973 tulivunja uhusiano na Israel, 1995 tukaurudisha, 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Leo kwenye khutba tutaombea Gaza, nami nitaitikia amina kwa sauti yangu yote. Na nitawaombea pia vijana wetu wawili waliokwenda Israel kusomea kilimo, wakauawa Oktoba 2023.

Ndugu zangu, tumeamrishwa kusimama na haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Basi tusiiachie serikali peke yake lawama hii. Nani kati yetu analia kwa picha za mbali na hamsemeshi ndugu yake kwa sababu ya chama? Nani anamdhulumu mjane shamba la mikarafuu kisha anasimama safu ya mbele? Maimamu, msichague wa kuombewa. Wazee, wasimulieni watoto ya Soweto na ya hapa Micheweni mwaka 2001 kwa sauti moja. Vijana, mkipata kazi za kuizungumzia nchi huko nje, zungumzeni maneno ambayo mtaweza kuyarudia Wete mkitazamana na watu.

Leo baada ya swala tutapita kaburini kwanza. Kisha karibuni nyumbani, mama ameamka saa tisa kusonga bokoboko. Watoto wakija kuomba sikukuu yao msiwarudishe mikono mitupu, na mnaokwenda kiwanja cha sikukuu Tibirinzi jioni washikeni wadogo vizuri. Kullu aam wa antum bikheir.