Matumaini ya mgonjwa wa saratani huanza na usingizi

Mhariri,

Ndugu wakimleta mgonjwa kliniki ya saratani, mara nyingi mmoja wao hutuvuta pembeni: “Sista, tafadhali usimwambie, atakata tamaa.” Methali inamsema mficha maradhi. Sisi tunakutana zaidi na wanaofichiwa.

Chukua mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Anaandikiwa mionzi ya nje, kwa kawaida vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani. Nyumbani wamemwambia ni uvimbe tu. Wiki ya tatu anaanza kuharisha, mkojo unamchoma, anajisemea uvimbe gani huu, anapanda basi kurudi kwao. Saratani ambayo haijasambaa mbali ingeweza kupona, lakini tiba ikikatika katikati, seli zilizobaki hupata muda wa kuota upya. Angeambiwa tangu mwanzo kwamba kuharisha kutakuja, na kwamba kwa kawaida hupungua wiki chache baada ya mionzi kwisha, angekuwa na siku za kuhesabu.

Lakini hasa tunataka kusema juu ya maumivu. Mtu ambaye hajalala siku nne hatumaini kingine ila kupambazuke. Mawaidha hayamwingii, hata yawe matamu vipi. Huyo anahitaji mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, na kwa saa: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu ili alale mpaka asubuhi. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia mara nyingi huanzishiwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa kila dozi, na daktari huipandisha kadiri ya maumivu. Mwenye figo mbovu hupewa kidogo zaidi.

Huko nyumbani ndiko mambo huharibika. Wanaitunza chupa kama mafuta ya ubani, wanasubiri maumivu yarudi ndipo wampe. Yakishapanda, dozi ileile haiyashiki tena, nao wanasema dawa haifai. Wengine wanapima kwa kijiko cha chai. Tumieni bomba la sindano lisilo na ncha, na msome lebo, kwani kuna chupa ya miligramu 5 katika mililita 5 na nyingine ya 50 katika kiasi hichohicho. Halafu choo. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache, lakini utumbo hauizoei mofini, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kama sena au bisakodili, ianze siku ileile. Tumeona wagonjwa wakiacha mofini kwa sababu ya choo, si kwa sababu ya saratani. Akilala hadi haamshiki, au akipumua polepole mno, msimpe nyingine, mpelekeni hospitali.

Na kwa wanaohofia uraibu: mgonjwa anayepewa mofini kwa maumivu, kama alivyoandikiwa, ni nadra kugeuka teja. Dozi ikiongezwa, mara nyingi ni kwa sababu ugonjwa umekua.

Aliye kwenye dawa za kemo, zile za kuua seli za saratani, awe na kipimajoto nyumbani. Homa ya nyuzi 38, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, ni safari ya hospitali usiku huohuo, si panadoli.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza: “Dawa hii ni ya kuniponya au ya kunipunguzia makali?” Akijibiwa la pili, wengi hunyamaza kidogo, kisha huuliza habari za shamba, deni la SACCOS, au kama ataweza kukaa sebuleni siku mahari ya binti italetwa. Hayo yanapangika, alimradi analala.

Kwa waganga wakuu wa wilaya: mgonjwa anarudi kijijini na chupa ya wiki mbili. Ikiisha ghafla, maumivu hurudi na jasho, kutetemeka na kuharisha juu yake. Wekeni mofini ya maji kwenye maagizo yenu ya dawa, na sena kando yake.

Wauguzi wa tiba shufaa (tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso),
Dar es Salaam