Shukrani kwa bibi mfumaji wa Burnley

Bibi, jina lako hatulitaji kwa kuwa hukupenda, ila wema huu unastahili mashahidi.

Tulikuwa tukiandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu Burnley, mji wa Lancashire, Uingereza, uliolelewa na makaa ya mawe na pamba. Migodi haikutusumbua. Tulikwama kwenye mtambo wa kufuma: mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana wa kitambaa, ukikatika, mtambo unajuaje na kusimama wenyewe?

Ulichukua uma wa mezani na kipande cha uzi. Mtambo una uma wake mdogo: uzi ukiwepo, ukatuonyesha, unausukuma uma huo na mkia wake unainuka. Usipokuwepo, mkia unabaki chini, unanaswa na nyundo ndogo, na mkono wa kuwashia unafyatuka. Dakika tano tu, baada ya sisi kuhangaika wiki nzima!

Ukatuonya pia: uma hauoni mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Uzi wa mtande ukikatika, mtambo unaendelea, ncha inajisokota na jirani zake, kitambaa kinaharibika. Hapo ni macho ya mfumaji, naye kwa kawaida alisimamia mitambo minne. Anasimamisha, anaunga kipande kwa fundo dogo bapa, anapitisha kwenye tundu lake, kisha kwenye meno ya kitana, chanuo la mtambo linalotenganisha nyuzi. Fundo likiwa nene, linakwama kwenye kitana na uzi unakatika tena.

Wenye wazee waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya Urafiki, Dar es Salaam, au Mwatex, Mwanza, waulizeni hivyo hivyo, uzi ukiwa mkononi.

Na lile fundo, bibi, bado linatushinda.