Vishikwambi vya walimu viwafikie na watoto

Mhariri,

Nafundisha darasa la kwanza. Wiki iliyopita niliwarekodi wanafunzi wakisoma silabi kwenye kishikwambi changu, kisha nikawasikilizisha sauti zao. Mtoto ambaye tangu Januari hajanyoosha kidole aliomba kurudia, mara tatu, mpaka "nya" ikakaa sawa mdomoni. Nilifurahi mno!

Walimu tuligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Naiomba wizara ituwekee humo michezo ya herufi na namba, kwa Kiswahili, isiyohitaji bando. Jambo hili linawezekana. Kati ya 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, watoto wa vijiji 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Programu zilizoshindanishwa pale ziliachwa wazi, yeyote azitumie bure. Kwa nini basi hazipo darasani kwangu?

Nina watoto 90. Kishikwambi kimoja na spika ndogo vinanitosha kuanzia, na daftari na penseli vitabaki palepale mezani.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Morogoro